Haki ya Mgeni Uliyemwita

Watu wengi hudhani kwamba maswali ya tabia njema hukaa katika mambo makubwa tu: katika mali, katika hukumu, katika vita na amani. Lakini mara nyingi jambo dogo ndilo lituonyeshalo lililo kubwa, kama tundu la ufunguo limwonyeshavyo mtu chumba kizima. Leo twataka kusema juu ya chupa ya maji ya sukari itundikwayo uani, na juu ya ndege mdogo ajaye kuinywa. Na swali letu ni hili: mtu akimwita kiumbe aliyekuwa akienda zake, akamzoeza mlango wake, je, amemfanyia hisani, au amejitia katika deni?

Ndege tumtajaye ni yule aitwaye mvumaji, kwa sababu ya uvumi wa mabawa yake. Kwetu Afrika hayupo. Jamii zake ni zaidi ya 360, na zote zi katika bara la Amerika, kuanzia Alaska kaskazini hata ncha ya kusini kabisa iitwayo Tierra del Fuego. Ndege wetu aliye karibu naye kwa sura na mwendo ni chozi, anyonyaye maua ya migomba na michungwa yetu. Walakini hao si ndugu wa nasaba moja. Kazi moja ya kunyonya maua ndiyo iliyowafananisha, kama mvuvi wa Lamu na mvuvi wa nchi ya mbali wafananavyo mikono bila ya kujuana.

Tazama umbo la kiumbe huyu. Mvumaji mwenye koo jekundu, ambaye ndiye peke yake anayezaa katika nchi za mashariki za Marekani, uzito wake ni kiasi cha gramu 3 tu. Mabawa yake hupiga kiasi cha mara 50 kwa nukta moja, naye huweza kusimama hewani mbele ya ua kama aliyefungwa kwa uzi, kisha akarudi nyuma bila ya kugeuka. Moyo wa baadhi ya jamii za wavumaji umehesabiwa ukipiga zaidi ya mara 1,200 kwa dakika. Moto huu wote wataka kuni. Kwa hiyo hunywa kwa siku moja maji matamu ya maua yenye uzito kupita uzito wake mwenyewe, na juu ya hayo hukamata vidudu na buibui wadogo, kwa kuwa sukari haijengi nyama. Usiku wa baridi, asipoweza kula, huuteremsha moto wa mwili wake na mapigo ya moyo wake, akawa kama maiti juu ya tawi, hata jua litoke. Na wakati wa masika yetu ya mambo ukiisha huko kwao, yaani siku za baridi zikikaribia, hujaza mafuta mwilini hata uzito wake ukakaribia kuwa maradufu, akashika safari ya kwenda Meksiko na nchi zilizo kusini yake. Wengi wao huivuka Ghuba ya Meksiko kwa mruko mmoja, mwendo wa kiasi cha kilomita 800 juu ya maji, pasipo tawi la kutua.

Huyo ndiye mgeni. Sasa tumtazame mwenyeji.

Zamani watu walimpenda ndege huyu kwa mapenzi ya kumwua. Katika karne ya 19 ngozi zake na manyoya yake zilinadiwa London kwa maelfu ili kupambia kofia za wanawake na makabati ya matajiri. Mwaka 1918 Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda ndege wasafiri, na wavumaji wakaingia katika hifadhi hiyo. Katika karne hiyo ya 20 watu wakajifunza namna nyingine ya kumpata: si kumshika, bali kumwita. Mwaka 1947 mhandisi Harold Edgerton aliwaonyesha wasomaji wa jarida la National Geographic picha za mabawa hayo yaliyosimamishwa kwa mwanga wa kupita upesi, na mwaka 1960 Crawford Greenewalt, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya DuPont, akatoa kitabu kizima cha picha za wavumaji. Tangu katikati ya karne hiyo, chupa za kulishia zikawa bidhaa ya dukani. Leo katika mamilioni ya nyumba za Marekani utaona chupa imetundikwa barazani, ina vijitundu vyekundu mfano wa maua, na mwenye nyumba ameketi na kikombe chake cha chai akingoja.

Hapa watu wamegawanyika makundi matatu. Wa kwanza husema: hii ni huruma tupu, kwa kuwa mtu humpa kiumbe chakula bila ya kutaka malipo. Wa pili husema: hii si huruma, ni mchezo, mtu atakaye kujistarehesha macho ameuvika mchezo wake kanzu ya hisani. Wa tatu husema: bora ni kumwacha ndege kama alivyoumbwa, kwa kuwa kila mkono wa mwanadamu ukiingia katika jambo hulipotosha. Kila kauli katika hizi ina sehemu ya kweli, na hapana hata moja iliyo kweli yote. Basi natuzipime.

Ama kauli ya pili, ya kwamba furaha ya mtendaji huibatilisha hisani yake, hiyo haisimami. Mama hufurahi akimnyonyesha mwanawe; je, maziwa yake yamekuwa haramu kwa sababu amefurahi? Mwalimu hufurahi mwanafunzi akifahamu. Furaha si doa katika wema. Doa ni pale ambapo furaha ndiyo inayoamuru. Na mtihani wa kujua ni nani anayeamuru ni mwepesi: ngoja mpaka siku ambayo lenye kumpendeza mtu na lenye kumfaa mgeni wake vitaachana njia, kisha umtazame mtu huyo anafuata lipi.

Na katika chupa hii ndogo njia hizo huachana mara nyingi. Chukua habari ya rangi. Kwa miaka mingi watu walitia rangi nyekundu katika maji yale, kwa kuwa mvumaji huvutwa na wekundu na maji mekundu yalipendeza kuyatazama. Lakini ua lenyewe halina maji mekundu. Wekundu u katika majani ya ua. Rangi ile haimlishi ndege kitu, na chupa yenye midomo myekundu yatosha kumwita. Basi rangi ilitiwa kwa ajili ya nani? Ilitiwa kwa ajili ya jicho la mwenyeji na faida ya mwenye duka, na ikaingizwa katika tumbo la mgeni.

Chukua pia habari ya asali. Mtu mkarimu huenda akasema: sukari ni kitu duni, mimi nitampa kilicho bora, nitampa asali ya nyuki. Nia yake ni njema, lakini asali iliyochanganywa na maji huchacha upesi na kufanya ukungu, na ukungu huweza kumdhuru ndege. Sukari guru nayo ina chuma kisichomfaa. Na zile dawa za kutia utamu pasipo sukari ni hadaa tupu: mwenye kuchoma mwili wake kwa mabawa 50 kwa nukta hupewa kitu kitamu kisichokuwa chakula. Kilicho sawa ni sukari nyeupe ya kawaida, kipimo kimoja kwa vipimo vinne vya maji, basi. Huo ndio utamu ulio karibu na utamu wa maua ayapendayo. Twajifunza nini? Kwamba nia njema isiyokuwa na elimu haiwi hisani mpaka ijue inampa nani na inampa nini. Mtoaji asiyeuliza hali ya mpewaji hutoa kwa kipimo cha nafsi yake mwenyewe, na mara nyingine sumu hutoka katika mkono wenye kutabasamu.

Kisha kuna kazi ya kuosha. Siku za joto maji yale huharibika kwa siku mbili au tatu. Yataka yamwagwe hata kama chupa ingali nusu, na chupa isuguliwe ndani kwa maji ya moto na brashi, kila pembe, kila kijitundu. Kazi hii haina uzuri wowote. Hakuna picha ipigwayo wala jirani aitwaye kuja kuitazama. Ndege mwenyewe hatajua. Na hapa ndipo kundi la kwanza na la pili hukutana mbele ya hakimu mmoja: aliyetundika chupa kwa ajili ya ndege ataiosha, na aliyeitundika kwa ajili ya nafsi yake atachoka wiki ya tatu, naye ataiacha ikining'inia na uchafu wake, ingali nyekundu, ingali yaita. Chupa hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na chupa, kwa sababu asiyeita hakumwahidi mtu kitu, na aitaye kwenye chakula kilichooza amehadaa.

Yapo pia mambo ya usalama. Madirisha ya vioo huwaua ndege wengi mno. Hesabu iliyotolewa mwaka 2014 ilikadiria kwamba katika Marekani peke yake ndege wafao kwa kugonga majengo ni baina ya milioni 365 na milioni 988 kila mwaka. Ndege huona katika kioo mti na mbingu, akauendea mti ambao haupo. Kwa hiyo wajuao husema chupa itundikwe karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ili ndege akishtuka asipate mwendo wa kumwumiza, au iwekwe mbali kabisa. Na mwenye paka asitundike chupa pale paka arukapo. Haya si mambo ya ustadi wa bustani tu. Ni mambo ya haki. Mwenye kumwalika mtu chakulani kwake ana wajibu wa kumfunga mbwa kwanza.

Sasa tuje kwenye kauli ya tatu, iliyo nzito zaidi: ya kwamba chupa humfanya ndege kuwa mtegemezi, na kumpotosha katika njia ya umbile lake. Katika hili yafaa kutenga lililo kweli na lililo uzushi. Wako wasemao kwamba ukiacha chupa hata siku za baridi utamzuia mvumaji asisafiri, naye atakufa kwa ajili yako. Hilo si kweli. Kinachomwamrisha mvumaji mwenye koo jekundu aondoke ni kupunguka kwa mchana na amri iliyotiwa ndani ya mwili wake. Hazuiliwi na sukari, na chupa iliyoachwa wakati huo humfaa msafiri aliyechelewa. Wala si kweli kwamba ndege huishi kwa chupa peke yake, kwa kuwa maua na wadudu angali akiwatafuta.

Lakini lipo lililo kweli. Katika pwani ya magharibi yuko jamaa aitwaye mvumaji wa Anna. Mwanzoni mwa karne ya 20 makazi yake ya kuzalia yalikuwa kusini mwa California na nchi ya Meksiko iliyo jirani. Watu wakapanda bustani zenye maua ya kigeni yachanuayo wakati wa baridi, wakatundika chupa, naye akafuata maua na chupa kwenda kaskazini, mji baada ya mji, hata leo hukaa na kuzaa mpaka British Columbia katika Kanada. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba chupa za watu zina sehemu katika kuenea huko. Na uchunguzi mwingine, wa mwaka 2025, ulipima midomo ya ndege waliohifadhiwa kwa miaka mingi katika nyumba za makumbusho, ukaona kwamba jinsi chupa zilivyoongezeka ndivyo midomo ya ndege huyu ilivyorefuka na kuchongoka.

Natusimame hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito. Watu hawakukusudia kumbadilisha ndege mdomo. Kila mmoja alitundika chupa yake tu, akanywa chai yake, akafurahi. Lakini vijiko vya sukari vya watu wengi, kwa miaka mingi, vimefanya kazi ambayo hakuna aliyeikusudia wala awezaye kuirudisha. Hivyo ndivyo yalivyo matendo yetu mengi. Mtu huhesabu tendo lake moja na kuliona dogo, na ulimwengu huyahesabu yote kwa jumla.

Je, hii yafanya kulisha kuwa kosa? Hatusemi hivyo. Ndege aliyeenea hakuangamia, ameongezeka. Lakini deni nalo limeongezeka. Yule mvumaji wa koo jekundu, wakati wa kiangazi, akikuta chupa tupu kwako, ataruka kwenye bustani ya jirani au ukingo wa msitu, na hasara yake ni ndogo. Ama mvumaji wa Anna alalaye mji wa kaskazini katika usiku wa barafu, aliyezima moto wa mwili wake ili afike asubuhi, kisha akaamka na akiba yake imekwisha, maua hakuna, na chupa aliyoizoea imeganda au imeondolewa kwa kuwa mwenyewe amesafiri, huyo hali yake ni nyingine. Mtu yule yule, chupa ile ile, lakini hukumu mbili. Kanuni basi ni hii: wajibu wa mtoaji haupimwi kwa wingi wa alichotoa, bali kwa kadiri ya haja aliyoisababisha. Ukiwa njia moja katika njia nyingi, wajibu wako ni mwepesi. Ukiwa umejifanya mlango wa pekee, huna ruhusa ya kufunga ghafula.

Sote tumesikia darasani habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Hakuulaumiwa kwa kutompenda paka. Alilaumiwa kwa sababu alimfunga, kisha hakumlisha wala hakumwacha aende akajitafutie. Huenda mtu akajibu: mwenye chupa hakumfunga ndege. Ni kweli, hana kamba. Lakini mazoea nayo ni kamba. Aliyemzoeza mwingine mlango wake mpaka akaacha milango mingine amemfunga kwa uzi usioonekana, na uzi usioonekana haumwondolei aliyeufunga lawama.

Liko jambo jingine, nalo ni uadilifu baina ya wageni. Mvumaji, kwa udogo wake wote, ni mgomvi mno. Dume mmoja hushika chupa nzima akaifanya milki yake, akawafukuza majike na wachanga, hata kama maji yaliyomo yangewatosha kumi. Mwenyeji ambaye furaha yake ni kutazama huipenda vita hiyo, kwa kuwa inapendeza macho. Mwenyeji mwadilifu hutundika chupa ya pili upande mwingine wa nyumba, mahali ambapo mgomvi yule hawezi kuziona zote mbili kwa pamoja. Tena hapa pana funzo kwa wenye kugawa sadaka: kuweka chakula mlangoni siko kugawa. Kukiweka tu ni kumpa mwenye nguvu. Kugawa ni kuhakikisha kwamba kimemfikia asiyekuwa na kiwiko cha kupenyea.

Huenda mtu akatukatiza akasema: binadamu wana njaa, nanyi mwazungumza juu ya kijiko cha sukari cha ndege! Twamjibu kwamba huruma si gunia la mtama, kwamba ukimchotea huyu humpunguzia yule. Huruma ni mkono, na mkono huzoea lile ulitendalo. Mtu ajifunzaye kuosha chupa kwa ajili ya kiumbe asiyeweza kumshukuru amejifunza jambo litakalomfaa mbele ya yatima na mgonjwa. Lakini pia hatumpi udhuru yule amlishaye ndege na kumfungia jirani mlango. Huyo hakuchagua ndege kwa huruma. Alimchagua kwa sababu ndege hasemi, hadai, wala hakumbushi.

Mwisho, ipo njia iliyo bora kuliko chupa, na wenye kuwajua wavumaji huisifu: kupanda maua ya nchi ile ile, yale ambayo ndege na ua vimezoeana tangu kale, kama lobelia nyekundu ya kandokando ya mito, na ule mtambaazi wa maua marefu mfano wa tarumbeta. Ua halichachi wala halitaki brashi. Hualika wadudu, na mvumaji apate nyama pamoja na sukari. Tena ua halimpi ndege bure. Humtuma kazi, akabeba chavua kwenda kwa mwenzake, na hivyo mgeni huondoka akiwa ametoa na kupewa. Chupa hupokea shukrani na kumwacha mgeni bila ya kazi. Mwenye kupanda ua amejiondoa katikati, naye akifa ua litabaki.

Basi jibu letu ni hili. Atakaye kumwita ndege huyu na amwite, wala asione haya kwa furaha yake. Lakini kabla ya kutundika, ajue anampa nini. Baada ya kutundika, aoshe. Aondoe hatari alizoziweka mwenyewe. Akiwa ameanza kulisha wakati wa dhiki, asiache katikati ya dhiki. Na kama hayo ni mazito kwake, apande ua, au amwache ndege apite kwa amani.

Na sisi tusiokuwa na wavumaji, ndugu msomaji, tusidhani maneno haya ni ya watu wa mbali. Chozi wetu hahitaji chupa. Yamtosha tusimkatie miti. Lakini ni wangapi tuliowazoeza milango yetu kwa neno la ahadi, kwa msaada wa mwezi mmoja, kwa “njoo kesho,” kisha tukachoka nao wiki ya tatu? Kila mmoja na aitazame chupa aliyoitundika mwenyewe, aone kama ndani yake mna maji safi, au ni wekundu mtupu uitao.